Kuchora picha au kuhariri picha?

SWALI: Nina studio ndogo Nasser Road, Kampala. Mteja huleta picha ya uso iliyopigwa kwa simu, akasema "nichoree hii". Ninachofanya ni kuibadili kwenye kompyuta ifanane na kibonzo. Kwenye risiti niandike kuchora au kuhariri? Na vijana ninaowafundisha, niwaelekeze kwa maneno gani?

JIBU: Andika "kuhariri picha kwa mtindo wa mchoro". Neno picha peke yake halikusaidii, maana hubeba iliyopigwa na iliyochorwa. Kitenzi ndicho kinachotenganisha. Kiganda nacho ni hivyo hivyo: okukuba ekifaananyi ni kwa kamera, okusiiga ni kwa rangi. Anayesoma "kuchora" kwenye risiti anatarajia mistari ya mkono, na akija kuidai risiti itakuwa upande wake. Ukiufuata uso kwa kalamu juu ya picha, hapo umechora kweli. Wapo wanaoshikilia kwamba kuhariri ni kwa maandishi tu; matumizi yameshawapita.

Kwa vijana, jihadhari na "safisha". Enzi za filamu, kusafisha picha kulikuwa kuitoa kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Leo mmoja ataondoa chunusi, mwingine atafuta mandhari yote ya nyuma. Taja kitu chenyewe: "ondoa chunusi", "lainisha ngozi". "Ng'arisha uso" ni baya zaidi, kwani kijana ataongeza mwanga mpaka mtu abadilike rangi. Sema "inua vivuli", yaani kuangaza sehemu zenye giza tu. Kwa ngozi nyeusi, hatua hiyo hutangulia kupunguza ngazi za rangi, yaani kubakiza rangi chache bapa kama za kibonzo. Ukibakiza ngazi 4 kabla ya kuinua vivuli, ubavu wa pua na taya humezwa kuwa bonge moja jeusi. Anzia ngazi 6 au 8.

Neno linaloharibu kazi nyingi ni "uwazi". Programu, kwa kipimo chake cha "opacity", hupima jinsi tabaka (picha iliyolazwa juu ya nyingine kama karatasi) linavyoziba lililo chini yake, kwa hiyo asilimia 30 ni tabaka hafifu. Ukisema "uwazi asilimia 30", msikilizaji ataelewa kwamba theluthi hivi ndiyo inayopenya, aweke 70, na mistari itoke mizito kama ya makaa. Sema "tabaka la mistari lionekane kwa asilimia 30".

Maelekezo yako yaweza kuwa hivi: "Nakili tabaka la picha. Lainisha ngozi kwenye nakala, kisha nakili kingo za uso (mistari ya mipaka yake) na uziweke kwenye tabaka la juu kwa hali ya kuzidisha ("multiply"), weupe upotee mistari ibaki." Hiyo "kisha" usiiache. Kingo zikinakiliwa kabla ya kulainisha, kila kinyweleo hugeuka mstari na uso huonekana umechanjwa. Na ni tabaka la juu, matabaka mawili. Si "tabaka ya juu".