Miche ya migomba ya maabara si GMO

Unauliza kama miche ya migomba inayozalishwa maabara ni GMO, yaani mimea iliyobadilishwa vinasaba (chembe za urithi). Hapana ndugu, siyo GMO. Nimeajiriwa kwenye kampuni ya bioteknolojia hapa Mwanza na kazi yangu ya kila siku ndiyo kuzalisha miche hiyo. Tunachukua chipukizi la mgomba uleule unaoujua, tunalimenya ganda baada ya ganda mpaka kibaki kiini cheupe, ukubwa wa punje ya mahindi hivi. Tunakiosha kwa dawa, kisha kinaingia kwenye chupa yenye chakula chake: sukari, madini, homoni na agari, unga wa mwani unaokigandisha kama jeli. Chakula hicho kimeshapitishwa kwenye mvuke wa nyuzi joto 121 za Selsiasi, na kisu nakichoma kwa moto wa spiriti kila ninapokata, maana ukungu ukiingia tu, chupa nzima inatupwa. Vinasaba haviguswi kabisa. GMO ni pale vinasaba vyenyewe vinapobadilishwa makusudi.

Ila mche kutoka maabara ukiwa safi haimaanishi una kinga dhidi ya magonjwa. Ukiupanda kwenye shamba lenye ugonjwa wa mnyauko, au ukaukata kwa panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa, utaugua kama mwingine wowote. Panga lichome moto kwanza, tafadhali.