Jibu: Nani anakumbuka gazeti la Sani?

Mkuu, umeuliza nani anakumbuka gazeti la Sani, lile la katuni la Tanzania, na tulilipataje. Nalikumbuka sana! Kwetu lilifika likiwa limeshapita mikono mingi: jalada halipo, kurasa zimelainika kama kitambaa, pembeni alama za vidole vyenye masizi. Tulilisomea jikoni, mdogo wangu kashika koroboi, mimi nasoma kwa sauti. Kati ya wahusika wa katuni hizo, yeye alimpenda Madenge, mimi Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Wachoraji kama marehemu Philip Ndunguru ndio walionifanya nipende kusoma, kuliko hata vitabu vya shule. Siku moja nikakuta mama kafungia karanga ukurasa wa mwisho wa hadithi niliyoingoja wiki nzima. Nililia. Kama una nakala hata moja, naomba uweke picha hapa.