"Kadri Fedha Zitakavyopatikana": Maswali Yenu ya Wiki Hii

Bunge likiwa linakaa Dodoma, kijiwe chetu cha kahawa hapa Mtwara hutulia saa tatu asubuhi, kipindi cha maswali kwa mawaziri kinapoanza. Redio inawekwa juu ya kreti la soda, bao linasimama, na mwenye jimbo linalotajwa ananyanyua kikombe kana kwamba kaitwa yeye. Baada ya hapo ni ubishi hadi adhuhuri, na ule usioisha unaletwa kwangu. Haya ndiyo ya wiki hii.

Mbunge wetu kaulizia zahanati ya kijiji. Naibu Waziri kajibu kwamba boma letu, jengo ambalo halijaezekwa, litakamilishwa "kadri fedha zitakavyopatikana". Tumepewa au hatujapewa? (Msomaji, Masasi)

Hamjapewa, mjomba. Maana yake ni kwamba leo hakuna fungu, na hakuna aliyekataa.

Majibu ya mawaziri yana ngazi zake, na ukizijua hutapiga vigelegele kabla ya wakati. Ngazi ya chini kabisa ndiyo hiyo yenu. Juu yake kuna "Serikali imetenga shilingi kadhaa katika bajeti ya mwaka huu". Hapo fungu lipo kwenye kitabu, lakini kutenga si kutoa. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi na unaweza kuisha Juni hela haijafika. Panda tena: "fedha zimepelekwa halmashauri". Hilo ndilo la kukunja suruali, maana sasa wa kumuuliza hayuko Dodoma, yuko kwenye ofisi ya mkurugenzi wenu, na diwani wenu anaweza kulibana kwenye baraza la madiwani. Ukisikia "mkandarasi yupo saiti", panda bodaboda ukamwone kwa macho.

Kwenye barabara kuna ngazi mbili za ziada, "upembuzi yakinifu" (kuchunguza kama inafaa kujengwa) na "usanifu wa kina" (kuichora). Watoto wetu wamezaliwa na kuoa kati ya hizo mbili. Kwenye maji jihadhari na "mkataba umesainiwa". Mradi wa maji wa Miji 28, ule wa mkopo wa India, mikataba yake ilisainiwa Juni 2022, na Makonde na Kilwa Masoko zimo. Saini ilipigiwa makofi siku ile ile, lakini mama wa Newala hapimi maji kwa saini, anapima kwa bei ya ndoo.

Nimewahi kuingia kwenye boma la zahanati katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Wananchi walichanga hela ya korosho, wakafyatua tofali, wakafika kwenye lenta, wakaambiwa wasubiri bati. Chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia kilikuwa kimeota mpapai, nao ulikuwa unazaa. Mwenyekiti alinichumia papai moja. Lilikuwa tamu, sina la kusema.

Kwa nini barabara nyingine anajibu TAMISEMI na nyingine Wizara ya Ujenzi? (Bodaboda, Nachingwea)

Kwa sababu barabara zina wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, chini ya Ujenzi. Za wilaya, za mitaa na za vijijini ni za TARURA, iliyoanza 2017, na hiyo iko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam kukatika pale Somanga, hilo lilikuwa la TANROADS. Kalavati la kwenu lililozama mvua hiyo hiyo ni la TARURA.

Afya ni vivyo hivyo: zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni TAMISEMI, Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, na ile Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ni Wizara ya Afya. Maji ya vijijini ni RUWASA.

Mbunge akiwa waziri, nani atauliza ya jimbo letu? (Mwalimu mstaafu, Ruangwa)

Shikamoo mwalimu. Umegusa penyewe. Waziri hasimami kumuuliza waziri mwenzake. Yeye ni sehemu ya Serikali inayoulizwa. Kwenu Ruangwa mlikuwa na mfano mkubwa kuliko wote: kuanzia Novemba 2015, kwa karibu miaka kumi, mbunge wenu Kassim Majaliwa alikuwa Waziri Mkuu, yule anayejibu maswali ya papo kwa hapo kila Alhamisi. Newala nao walimwona mbunge wao, mzee Mkuchika, akikaa kwenye viti vya mbele vya mawaziri miaka mingi.

Watu husema jimbo la waziri halihitaji kuuliza, mkubwa atanong'ona ndani kwa ndani. Pengine. Ila mnong'ono hauandikwi popote, na mwananchi hawezi kuufuatilia. Kwa hiyo watumieni wabunge wa viti maalumu wa mkoa. Wana haki ile ile ya kuuliza, na wengi wao wanatafuta hoja.

Wabunge wengine wanasimama kuuliza "swali la nyongeza" kwenye swali la mwenzao. Si kudandia huko? (Msomaji, Lindi Mjini)

Kudandia kupo, lakini nyongeza ndiyo nyama ya kipindi chote. Swali la msingi wizara inalo mapema. Wataalamu wanaandika jibu, Naibu Waziri analisoma "kwa niaba ya Waziri", basi. Mwenye swali ana maswali mawili ya nyongeza, na hapo waziri hana karatasi iliyopangwa. Hapo ndipo unamjua aliyefika kijijini na asiyefika.

Bahati mbaya wengi wanaipoteza nafasi hiyo kwa "Je, Serikali haioni umuhimu wa...". Serikali inaona! Sijawahi kusikia waziri akijibu kwamba haoni umuhimu wa maji. Nyingine ni "Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Bunge hili?" Yuko tayari, kila mara yuko tayari, na jimbo linapata msafara wa magari na picha.

Nyongeza yenye meno ni fupi: lini, kiasi gani, nani anawajibika. Tegeni sikio mwone wangapi wanaliuliza hilo "lini".

Mbona 2018 wabunge wa kusini walipiga kelele na hela ya korosho ikaondoka? (Mkulima, Tandahimba)

Kwa sababu ile haikuwa vita ya maswali. Asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ilikuwa inarudi kuendeleza zao, na Sheria ya Fedha ya 2018 ikaupeleka ushuru wote Hazina. Kwenye sheria kinachohesabiwa ni kura, na kusini hatuna viti vya kutosha kushinda peke yetu. Swali linaweza kumwaibisha waziri, sheria haliibadilishi. Bado nafurahi kwamba walisema, maana maneno yao yamo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na hizo zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge kwa anayetaka kusoma nani alisema na nani alinyamaza.

Naweza kumwandikia mbunge swali mwenyewe? (Msomaji, Kilwa)

Ndiyo, dada, na wengi wanashukuru kuletewa. Usiandike "tunaomba utusaidie maji". Andika jina la kijiji na kata, pampu iliharibika mwezi gani, taarifa mlipeleka RUWASA tarehe ipi, nani aliipokea, kisha umalizie: fundi anakuja lini? Swali la namna hiyo halijibiki kwa "Serikali inaona umuhimu". Na mbaki na nakala.