Gogo la kilo 200 limekataje kamba ya tani 2?

Swali: Nina kikosi cha vijana 5, tunakata miti ya watu hapa Nakuru. Juzi tulikuwa Kiamunyi tukishusha kwa vipande mkaratusi ulioinamia nyumba. Gogo la sentimita 40 kwa mita 1.5, kama kilo 200, lilikata kamba mpya ya milimita 14 iliyoandikwa tani 2 na kutoboa mabati. Kijana wa chini alikuwa ameifunga kamba imara shinani, haikuteleza hata kidogo. Mwenye hadiwea anasema nichukue ya tani 4. Itatosha? Na ile iliyokatika, naweza kuiunga kwa fundo?

Jibu: Hapana kwa yote mawili. Swali hili naulizwa kila mvua zinapokaribia, na karibu kila mara muulizaji ameangalia namba moja tu, ile iliyobandikwa kwenye kamba. Namba hiyo ni mzigo unaoikata kamba mpya, isiyo na fundo, ikivutwa polepole. Juu ya mti mazingira hayo hayapo.

Chukua gogo lako. Kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba linalofungwa shinani, ilikuwa chini ya mahali pa kukatia, kwa hiyo gogo lilianguka kwanza, tuseme mita 1, ndipo kamba ikakaza. Kwa kuwa ilikuwa imefungwa, haikuwa na la kufanya ila kunyumbuka. Ikinyumbuka sentimita 20 hadi gogo lisimame, mkazo wa mwisho unafika kama tani 2.4. Sasa ondoa kinacholiwa na fundo, ambacho ni theluthi moja hadi nusu ya uwezo wa kamba. Ulikuwa na tani moja na kitu za kuzuia tani 2.4. Ingekuwa ajabu isikatike.

Ukinunua hiyo ya tani 4, kamba nene hainyumbuki sana kama nyembamba. Ikinyumbuka sentimita 10 tu, mkazo unapanda hadi kama tani 4.4. Umelipa zaidi ili upate kishindo kikubwa zaidi. Tena kapi inavutwa na pande mbili za kamba, upande wa gogo na ule unaoshuka kwa kijana wa chini, hivyo shina linabeba karibu mara mbili ya mkazo wa kamba. Mpandaji wako amejifunga kwenye shina hilohilo. Kamba ikikatika mtalipa mabati. Ikikataa kukatika, shina linaweza kuvunjika naye yuko juu. Anayekuuzia unene kama dawa hakwambii hilo, na ndilo linaloniudhi kuliko yote katika biashara hii.

Dawa ni kamba kutembea. Gogo lilelile likianguka mita 1, kisha kamba ikaachiwa itembee mita 2 huku ikibanwa taratibu, mkazo unabaki kama kilo 300. Nunua breki ya kushushia, lile bomba la chuma lenye masikio linalofungwa shinani kwa mkanda, kamba ikazungushwa mara 2 au 3. Kuzungusha kwenye shina lenyewe kunawezekana, ila gome la mkaratusi hubanduka na utomvu huteleza, kwa hiyo mshiko hubadilika kutoka gogo moja hadi jingine. Anzeni na matawi madogo mjue idadi ya mizunguko, ndipo mje kwenye magogo. Na msichomee breki kwa fundi wa vyuma mkidhani mmeokoa pesa. Hakuna aliyeijaribu weldi hiyo kwa kishindo.

Kama hapana nafasi ya kuachia, mathalani paa liko mita 2 chini, kateni vifupi. Gogo lako likikatwa katikati, kila kipande ni kilo 100, na pia kinaanguka umbali mfupi zaidi, hivyo mkazo unapungua kwa karibu nusu. Hili halihitaji shilingi hata moja. Mkaratusi mbichi una uzito wa karibu tani 1 kwa mita moja ya ujazo, na vikosi vingi hukosea wanaposhuka: wanaendelea kukata urefu uleule wakati shina linanenepa. Mita 1.5 ya shina la sentimita 60 ni zaidi ya kilo 420. Shina limenenepa mara moja na nusu, uzito umezidi mara mbili.

Kuhusu ile iliyokatika, ifanye ya kuburutia matawi. Kamba iliyopigwa kishindo imeumia hata pale panapoonekana pazima. Na ichunguze: tumbukiza kipande chake kwenye glasi ya maji. Kikielea, si nailoni hata kama umeuziwa kwa jina hilo. Huenda ni polipropilini, ambayo wavuvi wa Kisumu huipendea kuelea huko. Huyeyuka karibu nyuzi 165, na msuguano wa breki unaweza kuifikisha hapo. Jua la huku kwetu nalo huila haraka. Kwa kushushia tafuta poliesta iliyosukwa, na mzigo wako usizidi sehemu moja ya kumi ya namba iliyoandikwa. Kamba ya kushushia isitumike kamwe kupandia mtu.

Lakini vifaa vyote hivyo vinashikwa na nani? Vikosi vingi huajiri mpandaji kwa sifa ya kupanda haraka bila kamba, kisha kamba hupewa yeyote aliye karibu, hata mlinzi wa mwenye nyumba. Mpandaji wa hivyo mrudisheni nyumbani. Anayefaa, mpeleke kwenye tawi la mita 3, umpe msumeno uliozimwa: kabla ya kuigiza kukata, awe amejifunga sehemu mbili, na mmoja wa mikanda hiyo uwe na waya ndani. Akijifunga sehemu moja hajui kazi, hata aseme amepanda miaka 10.

Kijana wa chini naye achaguliwe na alipwe kama fundi. Asizungushe kamba mkononi, asisimame ndani ya kitanzi chake wala chini ya mzigo, na wakubaliane na mpandaji neno moja la kuachia kabla msumeno haujawashwa. Penye nyaya za umeme msiguse mti hadi Kenya Power wazime. Na hao vibarua wa siku moja, kwa sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007, ni waajiriwa wako, na bima yao ni juu yako, si juu ya mwenye mti.