Maswali ya Wasomaji: Bima, ada za zahanati na mfuko wa mwananchi

*Nimejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, tangu mwaka jana na ujumbe wa kuthibitisha ninao kwenye simu. Binti yangu alipolazwa kwa nimonia tuliambiwa tulipe taslimu kwa kuwa "hatujachangia". Kwani kujisajili si kulipa? Na mbona wanataka pesa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, ilhali mimi napata riziki ya siku kwa siku? – Mama mboga, Nakuru*

Pole mama, na tunamwombea binti afueni. Kujisajili ni jambo moja, kuchangia ni jingine. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, nayo ina mifuko mitatu. Wa afya ya msingi unalipiwa na serikali kutokana na kodi: ukishajisajili tu, unatibiwa bure kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani level 2 na level 3. Wa pili, SHIF, ndio unaogharimia kulazwa, upasuaji na kujifungua (Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, Sh30,000 kwa upasuaji), na huo haufunguki mpaka uchange mwenyewe. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, ambao kwa mgonjwa wa saratani, kwa mfano, huingia baada ya SHIF kufikia kikomo. Binti yako alipopewa kitanda alikuwa ameshatoka mfuko wa kwanza na kuingia wa pili.

Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya kaya kwa kujaza dodoso, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya kadirio hilo, na kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, sawa na Sh3,600 kwa mwaka. Maswali ni ya paa, kuta, sakafu, maji, choo, nishati ya kupikia, mifugo na idadi ya watu nyumbani. Mfumo haujui uliuza sukuma wiki za pesa ngapi jana. Unakulinganisha na kaya nyingine zenye nyumba na vitu kama vyako. Ndiyo maana mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe huonekana tajiri, na mwenye duka linalouza vizuri anayelala nyumba ya mabati huonekana fukara. Usijaze haraka, wala usimwachie kijana wa sabakafe akubahatishie. Orodhesha kila anayekula chungu kimoja nawe. Kadirio likikuzidi, peleka ombi la kupitiwa upya kwenye ofisi ya SHA kabla hujalipa chochote.

Kuhusu mwaka mzima: enzi za NHIF mtu wa sekta isiyo rasmi alilipa Sh500 kwa mwezi, na wengi walianza kulipa mimba ilipoingia au ugonjwa ulipobisha, wakaacha walipopona. Mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao hukauka, kwa hiyo sababu ya kudai malipo ya mapema ipo. Lakini kanuni hii imetungwa kama kwamba kila mtu ana akiba. Wa ofisini anakatwa kidogo kila mwezi bila kuhisi. Wewe unaambiwa ulete ya miezi 12 pamoja, na huenda mwezi wenyewe ndio wa karo. Hapo sera imekosea kipimo cha mfuko wa watu, na matokeo yake ni kaya nyingi zilizosajiliwa lakini zisizochanga.

Mwaka 2025 serikali ilianzisha Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unarejesha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hiyo uliza jumla utakayolipa hadi mwisho, usiulize kiwango cha siku tu. Njia nyingine ni chama cha kuchangiana kwa zamu. Tuseme wanachama 12 waliokadiriwa Sh4,800 kila mmoja: kila mwezi kila mtu atoe Sh400, na kaya moja ilipiwe mwaka mzima. Mambo mawili huharibu mpango huu. Makadirio ya kaya hayalingani, kwa hiyo kila mtu atoe sehemu ya kumi na mbili ya kadirio lake mwenyewe na chama kiweke akiba ya kuziba pengo zamu ya mwenye mchango mkubwa inapofika. Pili, wa mwisho atakaa miezi 11 bila bima. Basi msipange zamu kwa bahati nasibu, tangulizeni wenye mimba, kisukari, presha na watoto wadogo.

Ukishalipa, piga *147# uhakikishe kwamba mchango unaonekana na kwamba watoto wako wote wameorodheshwa. Mtoto asiye kwenye orodha hahesabiwi, hata kama mama yake amelipa hadi senti ya mwisho.

*Mimi ni mlinzi, mshahara wangu ni Sh20,000. Wenzangu wanasema SHA imetuongezea makato. Ni kweli? – Mlinzi, Thika*

Kwako wewe, la. NHIF ilikukata Sh750, asilimia 2.75 ya Sh20,000 ni Sh550. Wa Sh50,000 alipanda kutoka Sh1,200 hadi Sh1,375, na wa Sh100,000 kutoka Sh1,700 hadi Sh2,750, tena juu hakuna kikomo. Mizani inageukia kwenye Sh33,000 hivi. Asilimia hiyo hupigwa kwenye mshahara ghafi, na mwajiri hatakiwi kuongeza chake, tofauti na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Tangu 27 Desemba 2024 mchango huo huondolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kupigwa. Mwajiri ana hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuupeleka. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara hakumaanishi umepelekwa: kagua kwa *147# kila mwezi.

*Kwa nini serikali isitoze ada ndogo tu kwenye zahanati, hata Sh20, ili dawa zipatikane? Watu hawathamini cha bure. – Mwalimu mstaafu, Kakamega*

Mwalimu, wazo hilo limejaribiwa hapahapa kwetu. Desemba 1989, wakati wa masharti ya wakopeshaji ya kubana matumizi, Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vya serikali. Kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi ilikuwa na kumbukumbu nzuri, kwa hiyo tunajua kilichotokea. Wanaume waliokuja kila mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake hadi asilimia 65. Ada iliposimamishwa Septemba 1990, wanawake walirudi na hata kuzidi idadi ya mwanzo, lakini wanaume walifika asilimia 64 tu. Waliokwishafukuzwa na bei hawakurudi wote.

Sasa fikiria ugonjwa wenyewe. Kidonda cha zinaa kisichotibiwa hurahisisha maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na hiyo ndiyo miaka ambayo virusi vilikuwa vikisambaa kwa kasi. Aliyeokoa shilingi chache mlangoni alimwambukiza mwingine, na gharama ikarudi serikalini miaka baadaye, mara nyingi zaidi. Kwa ugonjwa wa kuambukiza, anayekwepa tiba halipi peke yake.

Na "kutothamini cha bure"? Katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya watafiti walibadilisha bei ya neti za mbu. Mahali ilipouzwa kwa bei ya kama senti 60 za dola, kiwango cha waliochukua kilishuka kwa pointi 60 za asilimia ukilinganisha na ilipotolewa bure, na waliopewa bure hawakuitumia kwa uchache kuliko walionunua. Bei haikuwachuja wasiothamini. Iliwachuja wasio nacho.

Ila hoja yako ya dawa ni nzito, na wapenda huduma za bure huiruka. Mwaka 2004 ada zilishushwa hadi Sh10 kwa zahanati na Sh20 kwa kituo cha afya, kisha 2013 zikafutwa kabisa. Zile shilingi kumi zilikuwa zikimlipa mfagiaji, kununua jiki na kulipa stima. Zikiondoka bila fidia kufika kwa wakati, zahanati hubaki bure lakini tupu, na mgonjwa hutumwa chemisti kununua antibayotiki kwa bei ya duka. Ada inakuwa imehama mlango tu.

Mambo mawili ya kufuatilia kijijini kwako, Mwalimu. Sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo inaruhusu kituo kubaki na mapato yake badala ya kuyapeleka kwanza kwenye hazina ya kaunti, ambako kaunti nyingi zilichelewa kuyarudisha. Uliza kamati ya kituo kama akaunti imefunguliwa na nani anatia saini. Kisha omba kuona lini dawa ziliagizwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, mara ya mwisho: mara nyingi dawa hukosekana kwa kuwa deni la zamani halijalipwa, wala si kwa kuwa mtu ameiba.

*Dawa za kifua kikuu ni bure, mbona ndugu yangu wa bodaboda amefilisika akitibiwa? – Msomaji, Kisumu*

Kwa sababu kidonge ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Kuna nauli za kliniki, chakula cha kumrudishia nguvu, na siku asizoendesha pikipiki. Hesabu yenyewe: akipoteza Sh700 kwa siku kwa wiki sita tu, siku sita kila wiki, ni Sh25,200, kabla ya mkopo wa pikipiki kuanza kudai. Shirika la Afya Duniani huita gharama kuwa za kuangamiza zikifika asilimia 20 ya mapato ya kaya ya mwaka.

Aombe kliniki impe dawa za wiki mbili baada ya miezi miwili ya kwanza, kama hali yake inaruhusu. Wote wanaoishi naye wapimwe, na watoto wa chini ya miaka mitano waulizwe kuhusu dawa ya kinga. Asiache dawa akijisikia nafuu. Kifua kikuu sugu kwa dawa hugharimu muda na pesa nyingi zaidi. Azungumze mapema na mwenye mkopo wa pikipiki kabla ya kukosa rejesho la kwanza, si baada ya pikipiki kuchukuliwa. Angekuwa ameajiriwa kwa miezi miwili mfululizo, sheria ya kazi ya 2007 ingempa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Wiki mbili hizo ndizo takriban muda ambao mgonjwa anayemeza dawa zinazofaa hupungukiwa sana na uwezo wa kuambukiza. Mwendesha bodaboda hana hata moja ya siku hizo, kwa hiyo hurudi barabarani mapema, akiwa na abiria mgongoni.