Unataka Kuandaa Tamasha la Country? Anza na Usiku

Juzi dada mmoja wa Kitale aliniandikia. Anataka kuandaa tamasha la muziki wa country kila mwaka, watu wapige kambi hadi Jumapili, kama Stagecoach ya kule Indio, California. Swali lake: amtafute msanii gani mkubwa? Namjibu hapa, maana najua wenye ndoto hiyo ni wengi, na kambi yetu ya mwaka huu kando ya Ziwa Elementaita ilijaa hadi tukakosa pa kusimamisha mahema.

Tulipoanza tuliambiwa country ni muziki wa wazee. Mwenye ukumbi mmoja hapa Nakuru alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akacheka. Iliniuma, na bado inaniuma. Kwani hajawahi kumsikia mwimba mugithi, na gitaa lake moja, akichomeka nyimbo za Jim Reeves, yule mwimba country wa Marekani, katikati ya nyimbo za Kikuyu na baa nzima ikaitikia? Hajamwona Sir Elvis, mwimba country wetu wa Kenya, jukwaani? Mashabiki tunao tele, dada. Kazi ni kuwalaza.

Bonde letu hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Kitale iko juu zaidi. Kufikia saa tisa usiku umande umelowesha hema kama limenyeshewa. Nimemwona mpiga fidla wetu akipuliza vidole kati ya wimbo na wimbo, gitaa nalo linapoteza tuni kila mara. Mashabiki wakaanza kuingia kwenye magari kuwasha hita. Tangu hapo tunanunua kuni kavu mapema, uji wa wimbi unachemka usiku kucha, na vyoo viko karibu na mahema, taa ikiwaka kila mlango. Mwanamke aliyetafuta choo gizani kwa tochi ya simu harudi mwaka unaofuata, hata umletee nani.

Tarehe nayo usiige. Stagecoach hufanyika Aprili kwa sababu Indio ni jangwani. Kitale mwezi huo mvua imeanza, na haikatiki Mei. Huendelea hadi Oktoba hivi. Chagua Januari au Februari, la sivyo Jumapili mtakuwa mnasukuma magari kwenye tope. Kibali cha kelele kitafute mapema, kanuni zipo tangu 2009, na uwatembelee majirani kabla spika hazijafika.

Halafu bendi. Niliwahi kupiga besi Kisumu hadi alfajiri, mwandalizi akazima simu. Tulichanga nauli ya kurudi, na mwenzetu mmoja aliuza gitaa lake mwezi huohuo. Tusifanyiane hivyo, jamani! Muziki huu unapendwa na watu wanyenyekevu, wasiodai kwa kelele, na ndiyo sababu wanadhulumiwa. Dada yangu, kama pesa ni kidogo, punguza jukwaa, punguza taa za rangi, chukua bendi mbili badala ya tano. Hizo mbili uzilipe Ijumaa, kabla hazijafungua maboksi ya vyombo.