Namba yangu umeitoa wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: "Ukiwa nyumbani ukapigiwa simu ya kutangaziwa biashara au kuulizwa maswali ya utafiti, unafanyaje?" Najua wengi watajibu kwa mkato: namba usiyoijua usipokee. Ushauri huo unamfaa mwenye mshahara. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwangu Tabata, na namba nisiyoijua ndiyo inayoniweka mjini. Mteja mpya hana jina kwenye simu yangu. Bibi harusi aliyepewa namba yangu na shoga yake anapiga mara moja tu; nisipopokea anatafuta fundi mwingine, na Dar es Salaam hii mafundi ni wengi kuliko nguo. Kwa hiyo napokea zote.

Desemba iliyopita, katikati ya msimu wa harusi, nilikuwa nimetandika satini mezani na mkasi umeshaingia. Anayeijua satini anajua kwamba ukishaanza kukata huachi njiani, kitambaa kinateleza na mstari unapinda. Simu ikaita. Nikaibana kati ya sikio na bega. "Shikamoo mama," sauti ya binti. Nikaitikia marahaba, nikasubiri aniambie anaolewa lini. "Mama, sikuchukulii muda, ni dakika mbili tu. Nina maswali kuhusu sabuni ya unga unayotumia nyumbani."

Angesema "haloo" ningekata. Lakini huyu ameanza na shikamoo, nami nimeshaitikia. Mtu mzima uitikie marahaba halafu umkatie mtoto simu usoni? Sisi hatukulelewa hivyo, na aliyewafundisha hawa vijana kazi analijua hilo vizuri. Baada ya shikamoo inakuja habari za nyumbani, habari za watoto, poleni na joto, na kila unapojibu unazidi kuingia ndani. Ukishtuka uko swali la tisa, unaulizwa kama povu linakuridhisha sana, kiasi, au halikuridhishi kabisa. Dakika mbili zile zilikuwa kumi na nne. Gauni likatoka na pindo la kushoto fupi, ikabidi nirudi Kariakoo kununua kitambaa kingine kwa hela yangu.

Tangu siku ile marahaba yangu inafuatwa palepale na swali langu, kabla yeye hajauliza lake: "Mwanangu, namba yangu umeitoa wapi?"

Jaribuni mwone. Mteja wa kweli anajibu bila kufikiri: kwa mama Salha, kwa yule dada wa saluni, nimeiona kwenye mfuko wa nguo. Mwenye dodoso au bidhaa anababaika. Atasema "kwenye mfumo". Mfumo gani? "Mfumo tu, mama." Hapo naweza kuaga bila kukosa adabu: "Basi nenda kwenye mfumo huohuo ukaifute, mwanangu. Kazi njema." Namalizia na kazi njema kwa sababu nao wako kazini. Kijana wa jirani yetu aliwahi kuifanya kazi hiyo miezi mitatu. Anasema walikuwa wanapewa orodha ya namba asubuhi, na jioni wanahesabiwa madodoso yaliyojazwa mpaka mwisho. Mtu akikata swali la kumi na nane, yale kumi na saba hayalipwi. Aliponiambia hivyo nikaacha tabia mbaya niliyokuwa nayo ya kuwajibu ovyo ovyo kisha kukata karibu na mwisho. Nikiamua kukataa nakataa mwanzoni.

Lile swali limenifunza na jambo jingine ambalo sikulitegemea: mara nyingi aliyeitoa namba ni mimi mwenyewe. Nilikaa siku moja nikahesabu. Nikienda kumpima mteja kwenye jumba la ghorofa, mlinzi wa getini ananipa daftari: jina, namba ya simu, unakwenda kwa nani. Nikienda kutoa hela kwa wakala, daftari jingine, na liko wazi juu ya kaunta, kila aliye kwenye foleni anasoma. Kuponi ya kushinda friji niliyoijaza dukani. Kikundi cha WhatsApp cha michango ya harusi, watu mia mbili, nusu yao siwajui, na namba zetu zote zimeanikwa kama dagaa. Halafu nakuja kushangaa kwamba namba yangu inajulikana.

Siku hizi kwenye madaftari ya getini naandika jina, na namba naiacha mpaka mlinzi adai. Wachache sana wanadai. Kwenye kuponi sijazi kabisa, hilo friji sikuwahi kulipata.

Ya matangazo na utafiti, niseme kweli, yanachosha lakini hayaumizi. Yanayoumiza ni haya ya mikopo ya kwenye simu, hii tunayoiita kausha damu. Binti mmoja aliyekuwa akijifunza kushona kwangu alikopa kwenye programu ya simu, programu ikachota majina yote aliyoyahifadhi, likiwemo langu. Alipochelewa kulipa nikaanza kupigiwa mimi, saa kumi na mbili asubuhi, saa tano usiku. Hapo hakuna shikamoo. "Mwambie mtu wako alipe." Nikiuliza namba wameitoa wapi wananijibu kwa kiburi: "Wewe ni mdhamini." Sijawahi kudhamini hata kuku. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha kidijitali yasiyo na leseni, na la kwetu lilikuwemo. Nilimwonesha binti yule orodha, akalia. Hawa siwaagi kwa kazi njema. Nazizuia namba zao moja baada ya nyingine, na wanarudi na nyingine. Huko ufundi wangu unaishia.

Matapeli wao nisiwape nafasi kubwa, kila mtu ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kuna wanaojifanya utafiti pia: maswali matatu ya kawaida, la nne jina lako kamili, la tano namba ya kitambulisho chako cha taifa, ile ya NIDA, la sita wanakuomba uwasomee tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako. Mtafiti hana shida na tarakimu hizo. Mtoa huduma wa mtandao wa simu naye akikutafuta hupiga kwa namba 100, hapigi kwa namba ya kawaida inayoanza na 07 au 06. Na ujumbe wa kitapeli unausukuma kama ulivyo kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli, wanakujibu wakitaka namba ya tapeli, unawatumia. Ni bure, na inachukua muda mfupi kuliko kumtukana mtu.

Mdogo wangu aliyeko Marekani ananicheka. Anasema kwao kuna daftari la taifa, lilianza 2003, unaandikisha namba yako ili wafanyabiashara wasikupigie. Nikamuuliza kama wameacha kumpigia. Akasema bado wanapiga. Basi nikaona tusisumbuane. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kumwandikia mwenye taarifa zake amtake aache kuzitumia kumtangazia biashara. Ni haki nzuri. Shida yake ni neno lile "kumwandikia". Nimwandikie nani, mfumo?

Sasa niseme ya mama yangu, kwa maana nyumbani kwangu tuna njia mbili na ya kwake haifanani na yangu hata kidogo. Mwaka huu alikuja kutoka Tanga kutibiwa macho, akakaa nasi miezi minne. Ana kiswaswadu chake cha kubonyeza. Mchana watoto wako shule, mimi niko kwenye cherehani, yeye yuko peke yake ukumbini na haoni hata televisheni. Simu ya utafiti kwake ilikuwa mgeni. Shikamoo, marahaba, wewe mtoto wa nani? Kwenu wapi? Korogwe! Korogwe ya wapi? Umekula? Mbona sauti imekauka? Nasikia nikiwa chumbani, cherehani nimeisimamisha nicheke. Swali la kwanza la dodoso linafikiwa baada ya robo saa, na jibu lake linaanzia mwaka wa njaa. Vijana wa kiume walikuwa wanaaga mapema. Binti mmoja tu hakuaga. Alikuwa anapiga kila baada ya wiki mbili hivi, nadhani utafiti wenyewe ulikuwa wa kurudia, na mama alikuwa anamngoja. Nilipomwambia kwamba hawa watu wanatafuta faida tu, akanijibu, "Na wewe unaposhona unatafuta nini?"

Mama alirudi Tanga mwezi uliopita, jicho la kulia linaona vizuri. Juzi saa nane mchana nikapigiwa na namba nisiyoijua. Shikamoo mama, marahaba, nami palepale nikatoa silaha yangu: mwanangu, namba yangu umeitoa wapi?

"Kwa Bibi," akasema. "Nilimpigia jana, akaniambia mambo ya sabuni nikuulize wewe."

Nikazima cherehani, nikavuta kiti.

Msomaji wenu, Tabata